Gitaa Linalomaliza Betri Haraka: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kutafuta na Kurekebisha

Gitaa la mbao la kuchomeka, lile lenye kijisanduku cha vitufe ubavuni, likianza kumaliza betri ya volti 9 kila baada ya wiki moja au mbili, wengi wetu hulaumu betri. Tunanunua nyingine, nayo inaisha vilevile, tunahamia chapa ya bei kubwa zaidi, hali ni ileile. Ukweli ni kwamba priampu nzima (saketi ndogo iliyo ndani ya gitaa inayokuza sauti yake), inayotumika kwa mazoezi ya katikati ya wiki na ibada ya Jumapili, inapaswa kukaa na betri moja kwa miezi kadhaa. Isipofika huko, karibu kila mara umeme unatoka saa ambazo hakuna anayepiga. Umeme huo unapimika kwa mita ya bei nafuu, na ukishaupima utajua pa kushika kabla hujanunua chochote wala hujampa fundi gitaa lako.

Utahitaji mita ya kupimia umeme (ile ndogo ya manjano inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme inatosha), betri mpya ya volti 9, waya wa gitaa unaoujua kuwa mzima, bisibisi ndogo ya nyota, pamba za masikioni na spiriti. Chuma cha kuchomelea risasi weka kando. Pengine hutakihitaji kabisa.

Swichi iko ndani ya jeki

Magitaa mengi ya aina hii hayana kitufe cha kuwasha na kuzima. Swichi ni jeki yenyewe, pale unapochomeka waya. Usipolielewa hili, vipimo vyote vinavyofuata havitakuwa na maana kwako, kwa hiyo tulia nalo kidogo.

Jeki iliyomo ndani ni ya stirio, yenye miguu mitatu, ingawa waya unaochomeka ni wa mono. Mguu mmoja unagusa ncha ya plagi, na hapo ndipo sauti inapopita. Mwingine unagusa shina la plagi, nao ndio ethi. Wa katikati umewekwa mahali ambapo plagi ya stirio ingekuwa na pete yake, na kwenye mguu huo ndipo ulipofungwa waya mweusi wa betri. Plagi ya mono haina pete. Shina lake limeendelea karibu hadi kwenye ncha, hivyo ikiingia inagusa mguu wa kati na mguu wa ethi kwa pamoja. Hapo waya mweusi wa betri unaungana na ethi, mzunguko unakamilika, priampu inawaka. Ukichomoa, miguu miwili inaachana na betri inalala.

Maana yake ni kwamba chochote chenye shina la chuma kikiwa ndani ya jeki, priampu inafanya kazi. Haijalishi kama mikisa imezimwa, kama sauti ya gitaa imeshushwa hadi sifuri, kama ukumbi mzima umekatika umeme. Kile kidude cha kurushia sauti bila waya nacho ni plagi kama plagi nyingine: ukikizima na kukiacha kimechomekwa, kimelala chenyewe tu, gitaa liko macho.

Magitaa ya besi yenye betri na pedali nyingi za efekti hutumia utaratibu huuhuu, kwa hiyo vipimo vilivyomo humu vitakufaa huko pia.

Hesabu kwanza

Betri nzuri ya alkalaini ya volti 9 ina uwezo wa kati ya 500 na 600 mAh (miliampea-saa, yaani miliampea zinazotoka mara saa zinazodumu) inapotumika taratibu. Lakini uwezo huo huhesabiwa hadi betri ishuke kwenye volti 4.8 hivi, na priampu ya gitaa haiwezi kungoja huko. Ikifika karibu na volti 7 sauti huanza kukwaruza. Kwa hiyo kinachokufaa wewe ni kama theluthi mbili ya kilichomo. Tuchukue 360.

Priampu ya kawaida, tyuna (kifaa cha kulinganishia nyuzi) ikiwa imezimwa, hula kati ya miliampea 1 na 5. Tofauti inatokana na vipande vilivyomo. Chipu ya TL072, iliyozoeleka sana kwenye kazi za sauti, peke yake hula kama miliampea 2.8; ndugu yake TL062, iliyobuniwa kwa ajili ya kubana matumizi, hula kama 0.4. Tuchukue 3.

Gawanya 360 kwa 3, unapata saa 120. Anayepiga saa 5 kwa wiki atakaa na betri hiyo wiki 24, yaani miezi mitano na ushee. Sasa chukua gitaa hilohilo na betri hiyohiyo, liegemeze ukutani baada ya ibada likiwa na waya wake. Saa 120 ni siku 5. Utakuja mazoezini, uguse nyuzi, usikie sauti nyembamba iliyopasuka, na utaapa betri ilikuwa feki.

Ndiyo maana ninasema betri ilaumiwe mwisho.

Hatua ya 1: Ondoa sababu za wazi

Jiulize kama gitaa huwa linabaki na waya usiku. Kama ni gitaa la kanisa au la shule, usijibu wewe. Muulize anayefunga vyombo baada ya kila mtu kuondoka. Katika makanisa mengi mpigaji huweka gitaa kwenye stendi na kwenda zake, na vijana wa mitambo wanazima mikisa bila kugusa kilicho jukwaani. Hapo hakuna kilichoharibika. Dawa ni kuchomoa waya upande wa gitaa. Upande wa spika au mikisa unaweza kubaki wiki nzima, hauna madhara.

Kisha angalia tyuna. Nyingi kati ya zile zilizomo ndani ya priampu huwaka kwa kitufe chake zenyewe, hata bila waya kuchomekwa, na kioo chenye mwanga au safu ya taa kinaweza kula miliampea 10 hadi 20. Kwa hesabu yetu, tyuna ya miliampea 15 iliyosahauliwa inamaliza betri ndani ya siku moja. Nyingine hujizima zenyewe baada ya dakika chache, nyingine hazijizimi. Iwashe ya kwako, iache, rudi baada ya robo saa uone. Na kama gitaa hubebwa ndani ya begi laini, chunguza iwapo kitufe kinaweza kubonyezwa na mfuko wa begi au na kapo (kibanio cha nyuzi) iliyowekwa juu yake.

Hatua ya 2: Pima betri yenyewe

Weka mita kwenye volti za DC, upande wa 20. Betri mpya ya alkalaini husoma kati ya 9.3 na 9.6. Iliyo kwenye 8 bado ina kazi. Ikisoma 7.5, inafaa kwa mazoezi, si kwa harusi ya watu. Chini ya 7, itoe.

Vipimo hivi vichukue betri ikiwa inafanya kazi, yaani ikiwa imefungwa kwenye gitaa na waya umechomekwa. Betri iliyochoka ikipumzika usiku kucha hupanda tena na kukuonyesha namba nzuri isiyodumu. Ule mtindo wa kugusa betri kwa ulimi haukuambii kitu: iliyoshuka hadi volti 7 itakuchoma ulimi vilevile.

Hatua ya 3: Pima mkondo, gitaa likiwa bila waya

Hiki ndicho kipimo kinachokata mzizi wa fitina, na ndicho ambacho wapigaji wengi hawajawahi kukifanya. Kifanye polepole.

Hamisha mita kwenye miliampea za DC, upande wa 200m. Waya mwekundu wa mita uwe kwenye tundu lililoandikwa mA, siyo lile la 10A. Kuanzia hapa kuna kosa moja la kuepuka: usiguse ncha zote mbili za betri kwa nyaya za mita ikiwa kwenye miliampea. Huo ni mkato wa moja kwa moja, na fyuzi ya mita itakwenda papo hapo.

Toa betri mahali pake pamoja na kofia yake, ile yenye vishikizo viwili inayobanwa juu ya betri. Kibandue kishikizo kimoja, kisha izungushe kofia pembeni ili kishikizo kimoja kibaki kimebana na kingine kining'inie nje ya betri. Sasa una nafasi mbili za wazi: ncha moja ya betri isiyo na kitu, na kishikizo kimoja cha kofia kisicho na kitu. Gusa ncha ya betri kwa waya mmoja wa mita, gusa kishikizo kwa waya mwingine. Umeme wote unaokwenda kwenye priampu sasa unapita ndani ya mita. Ikisoma namba yenye alama ya kutoa mbele, umegeuza nyaya tu, haina shida.

Kama betri ya gitaa lako inakaa kwenye droo yenye vibati vya springi na hakuna kofia ya kuzungusha, kata kipande chembamba cha karatasi ngumu, kifunike kwa karatasi ya foili pande zote mbili bila foili za pande hizo kugusana, ukipachike kati ya ncha moja ya betri na kibati chake. Mita inagusa foili ya upande huu na foili ya upande ule. Inachosha vidole kidogo, lakini inafanya kazi bila kufungua chochote.

Waya wa gitaa ukiwa nje ya jeki na tyuna ikiwa imezimwa, soma. Unapounganisha mara ya kwanza namba inaweza kuruka juu kisha ikashuka. Hizo ni kapasita, vipande vinavyohifadhi chaji, zinajaa. Subiri nusu dakika ndipo uiamini. Ikitulia kwenye sifuri, shusha mita hadi 20m, kisha hadi 2000µ, uone kama kuna tone lolote.

Sifuri, au mikroampea chache, ni afya njema. Mikroampea 10 zingehitaji miaka zaidi ya sita kuimaliza betri ya 550 mAh, na betri itakufa kwa uzee kabla ya hapo. Ukisoma miliampea 0.1 hivi, bado hilo silo linalokumalizia betri kwa wiki mbili, ila kuna uchafu au unyevu mahali. Ukisoma miliampea 1 au zaidi bila kitu chochote ndani ya jeki, umempata mhusika.

Hatua ya 4: Pima waya ukiwa ndani, na usome tofauti

Rudisha mita kwenye 200m, chomeka waya wa gitaa, soma tena. Kisha washa tyuna, soma mara ya tatu. Andika namba zote tatu.

Bila waya sifuri, na waya ikiwa 1 hadi 5: gitaa ni zima. Tatizo ni waya unaobaki, tyuna, au betri dhaifu. Funga kila kitu, ruka hadi sehemu ya betri.

Namba ikiwa ileile, uchomeke au uchomoe: priampu haizimi kabisa. Ni jeki iliyoganda, au nyaya zimefungwa vibaya.

Namba bila waya ikiwa ndogo kuliko ya waya ukiwa ndani, lakini si sifuri: umeme unavuja kupitia kutu, uchafu uliomwagikia bodi, au kifaa kingine kama tyuna ambacho hakilali vizuri.

Waya ukiwa ndani ikiwa miliampea 20, 30 au zaidi huku tyuna imezimwa: kuna kipande kibovu kwenye bodi, mara nyingi kapasita inayovujisha, au kuna nyaya mbili zinagusana. Gusa vipande kwa kidole ukiwa mwangalifu. Kinachopata joto kwa betri ya volti 9 hakina sababu nzuri ya kupata joto. Hili ndilo tatizo pekee kati ya hayo yote ambalo ningempelekea fundi wa redio bila kusita, nikiwa na namba zangu mkononi. Fundi anayeambiwa "inakula miliampea 35 hata tyuna ikiwa imezimwa" anaanza kazi mbali sana na yule anayeambiwa "inamaliza betri".

Hatua ya 5: Chunguza jeki

Toa betri. Weka mita kwenye alama ya kengele, ile inayolia nyaya zikigusana. Legeza nyuzi hadi mkono upite kwenye tundu la sauti, au kama jeki ya gitaa lako iko kwenye kibao cha plastiki ubavuni, fungua skrubu zake nne ukitoe taratibu.

Tambua miguu kwanza. Chomeka waya wa gitaa, gusa ncha ya plagi ya upande wa pili kwa mita, tafuta mguu unaolia: huo ni wa sauti. Gusa shina: mguu au miguu inayolia ni ethi na wa kati. Chomoa waya, kisha gusa hiyo miwili kwa pamoja. Inapaswa kunyamaza. Ikilia bila plagi ndani, imekwama.

Kwenye jeki ya wazi, yenye vibati vinavyoonekana, utaona kwa macho. Kibati cha kati kikishapindwa na plagi iliyovutwa kwa nguvu, kinalala juu ya kile cha ethi na hakirudi. Kikunje kidogo kwa bisibisi nyembamba hadi pengo lionekane, chomeka na uchomoe mara kadhaa, pima tena. Kikiwa kimechoka na kinarudi kulekule, badilisha jeki. Ni kitu cha bei ndogo na kibati kilicholegea hakipati nguvu tena. Ukiona nyuzi nyembamba za shaba zimechomoza kutoka kwenye waya mmoja na kugusa mguu wa jirani, au tone la risasi limeunganisha miguu miwili, huo ndio ugonjwa wenyewe.

Jeki ya silinda, ile ambayo pia ni kitako cha kufungia mkanda, imefungwa pande zote. Huwezi kukunja kilichomo. Unachoweza kufanya ni kuisafisha: lowesha pamba ya masikioni kwa spiriti, ingiza, zungusha, rudia hadi pamba itoke safi, iache ikauke kabisa. Kwa wanaoishi pwani, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga, hewa yenye chumvi na jasho la mikono huacha utando wa kijani kwenye shaba. Mara nyingi utando huo hufanya swichi igome kuwaka, ila ukichanganyika na unyevu unaweza pia kupitisha umeme pale usipotakiwa kupita. Kuusugua kwa pamba yenye spiriti husaidia kuupunguza. Mafuta ya taa, petroli na mafuta ya bawaba yasikaribie gitaa: yanakula plastiki na rangi, na yanavuta vumbi.

Ukihitaji kuitoa jeki ya silinda, fungua kitako cha mkanda, kisha nati iliyo chini yake. Bomba la jeki lina kitundu kidogo pembeni. Ingiza msumari mwembamba hapo ulishikilie lisizunguke. Ukilegeza nati bila kulishika, bomba zima huzunguka ndani ya gitaa na kunyonga nyaya hadi zikatike, na hapo kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku nzima. Kabla ya kutoa, funga mkanda wa gundi kwenye bomba kuonyesha nati ya ndani ilikuwa wapi, ili urudishapo jeki itokeze kwa urefu uleule. Ikiwa fupi mno plagi haiingii hadi mwisho; ikiwa ndefu, kitako cha mkanda hakibani.

Hatua ya 6: Fuatilia waya mweusi wa betri

Kama gitaa lilikuwa sawa na likaanza kula betri baada ya kutoka kwa fundi, anzia hapa.

Ninaliona hili mara nyingi kuliko kasoro nyingine zote za nyaya. Jeki ya zamani imekufa, dukani hakuna ya stirio, fundi anaweka ya mono yenye miguu miwili. Sasa kuna nyaya tatu na miguu miwili. Waya wa sauti unakwenda kwenye ncha. Waya wa ethi na waya mweusi wa betri, kwa kuwa vyote "ni ethi", vinafungwa pamoja kwenye shina. Gitaa linapiga vizuri kabisa, mteja anafurahi, fundi analipwa. Ila priampu imewashwa moja kwa moja kuanzia dakika hiyo. Wakati mwingine jeki ya stirio ipo, ila fundi asiyezijua priampu anaona mguu wa kati hauna kazi, anauacha mtupu na kufunga waya mweusi kwenye shina. Matokeo ni yaleyale.

Fuatilia waya mweusi kutoka kwenye kofia ya betri. Katika magitaa yenye jeki ya kitako, mara nyingi unakwenda moja kwa moja kwenye mguu wa kati. Katika mengine unaingia kwanza kwenye bodi ya priampu, na waya mwingine unatoka kwenye bodi kwenda kwenye mguu wa kati. Muhimu ni kwamba mguu wa kati uwe na waya wake, peke yake, na usiungane na ethi popote hadi plagi iingie. Ethi ya bodi na nyavu ya waya wa sauti ndizo zinazokaa kwenye shina.

Kurekebisha: betri ikiwa nje, weka jeki ya stirio, yeyusha risasi iliyoshika waya mweusi, uhamishie kwenye mguu wa kati. Chuma cha wati 30 hadi 40 kinatosha. Kile kikubwa cha kuchomelea masufuria kitayeyusha plastiki ya ndani ya jeki. Pasha mguu moto kwanza, kisha risasi iyeyukie juu yake, usiirundike. Weka kitambaa kinene juu ya mbao zilizo karibu, kwa sababu tone moja la risasi linaacha alama isiyotoka kwenye vanishi.

Kama jeki ya stirio haipatikani mjini kwako leo na una kazi kesho, chomoa betri kila ukimaliza kupiga. Ni usumbufu, lakini inasaidia hadi upate kipuri sahihi.

Hatua ya 7: Kutu na maji ya betri

Fungua sehemu ya betri uangalie rangi. Unga mweupe au wa kijani-buluu kwenye vishikizo unaonyesha betri ilivuja. Yaliyovuja kutoka alkalaini yana asili ya magadi, hivyo husafishwa kwa tone la siki au ndimu kwenye pamba. Yaliyovuja kutoka betri za kawaida za kaboni yana uchachu, hayo hufutwa kwa magadi ya kupikia yaliyolowanishwa kidogo. Kwa vyote viwili, malizia kwa spiriti, kausha, pima tena. Kama majimaji yamefika kwenye bodi, piga mswaki mkavu kwanza kuondoa unga, kisha mswaki wenye spiriti, na uiache bodi wazi usiku mmoja kabla ya kurudisha betri. Kofia ya betri iliyoliwa usiihangaikie. Kata, weka mpya, ukizingatia nyekundu kwa nyekundu.

Betri ipi

Soma herufi ndogo, siyo picha. Iliyoandikwa 6LR61 ni alkalaini. Iliyoandikwa 6F22 ni ya kaboni, hata kama imepambwa kwa maneno Heavy Duty, na uwezo wake mara nyingi hauzidi 400 mAh. Iliyo ya kweli ya alkalaini ina uzito wa gramu 45 hivi, ya kaboni ni 35 hadi 38, kwa hiyo ukishika moja kila mkono utahisi tofauti, na "alkalaini" nyepesi kama ya kaboni iache dukani. Kwa gitaa, ya kaboni ninaikataa kwa sababu moja zaidi ya uwezo: ikichoka hupenda kuvuja, na inavuja ndani ya chombo chako.

Za kuchaji za NiMH zinafaa kwa anayepiga kila siku, mathalani mpigaji wa hotelini. Uwezo wake ni mdogo, kati ya 170 na 300 mAh, na volti zake ni 8.4 au hata 7.2 kulingana na idadi ya seli, hivyo ile ya 7.2 itakuwashia taa ya onyo karibu tangu mwanzo. Chukua ya 8.4. Pia hupoteza chaji zikiwa zimekaa tu, kwa hiyo kwa gitaa linaloguswa mara moja kwa wiki hazina faida. Za lithiamu zenye tundu la USB hudumu, ila nyingi zina saketi ya kubadilisha volti ndani yake. Baadhi hutoa mluzi mwembamba unaosikika kwenye spika, na kwa kuwa zinashikilia volti hadi mwisho, hukatika ghafla katikati ya wimbo bila taa kukuonya. Jaribu nyumbani kwa sauti kubwa kabla ya kwenda nayo jukwaani.

Kuanika betri juani au kuichemsha kama tulivyozoea kufanyia mawe ya tochi, usifanye kwa betri itakayorudi ndani ya gitaa. Joto huiamsha kwa muda mfupi na kuiharakisha kuvuja. Na adapta ya ukutani iliyounganishwa kwenye kofia ya betri huleta mvumo kwenye sauti, hasa ikiwa ya bei rahisi.

Kwa nini watu huacha waya, na la kufanya

Si uvivu tu. Ukichomoa waya wakati spika ziko hewani, mlio unaotoka unaweza kuunguza spika na kushtua ukumbi mzima, na wapigaji wengi walishafokewa na mtu wa mitambo kwa sababu hiyo. Wakajifunza kutogusa. Basi kubalianeni ishara: mpigaji anainua mkono, mtu wa mitambo anafunga chaneli, waya unatoka. Kama hakuna mtu wa mitambo, pedali ya tyuna ya sakafuni inayokata sauti inafanya kazi hiyo kwa mguu mmoja: bonyeza, chomoa.

Ukishamaliza matengenezo, rudia kipimo cha Hatua ya 3 na ya 4, kisha andika namba mbili na tarehe kwenye kipande cha mkanda wa gundi ndani ya kifuniko cha betri: bila waya 0, na waya 2.7, au vyovyote ulivyosoma. Atakayelishika gitaa mwakani atajua la kawaida ni lipi. Gitaa litakalokaa zaidi ya mwezi bila kupigwa, toa betri kabisa. Na ile ya akiba usiitupe mfukoni pamoja na sarafu na funguo, kwa sababu ncha zake mbili ziko upande mmoja na sarafu moja inatosha kuziunganisha hadi betri ipate moto wa kuunguza. Funika ncha kwa mkanda wa gundi, iweke kwenye mfuko wa begi pamoja na nyuzi za akiba.